Parameta ya Makro Ina Shahidi Mmoja: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Lugha ya C

Rwamishenye, Bukoba

Kwa walimu wote wa programu katika vyuo vikuu, vyuo vya ufundi na vilabu vya kompyuta nchini Tanzania.

Waheshimiwa walimu,



Nawaandikia kutoka Rwamishenye, hapa Manispaa ya Bukoba, kwenye chumba cha kupanga ambamo natengeneza vifaa vidogo na kuviandikia programu: mizani ya kielektroniki, vipima unyevu vya kahawa, vidhibiti vya pampu za maji. Kazi hii naifanya kwa lugha ya C, lugha mliyonifundisha ninyi au wenzenu. Nina ombi moja. Mnapofundisha makro, fundisheni pia namna ya kuzipa parameta zake majina, na majina hayo yawe na alama zake kwenye mtihani. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini jambo linaloonekana dogo hivi limenifanya nishike kalamu.

Msimu wa senene uliopita nilikuwa nimekaa na mizani mezani usiku. Nje majirani walikuwa wamewasha taa kali za kuwanasia senene. Ndani mimi nilikuwa na ndoo ya kahawa ya maganda niliyoazima kwa bibi jirani ili nijaribie mizani. Ndoo ilikuwa na kilo 10 kamili; tulikuwa tumeipima kwa mizani mbili nyingine. Msimbo wa mizani hiyo sikuuandika mimi. Niliurithi kwa mwenzangu aliyehamia mji mwingine, nami nilitaka kubadilisha jambo moja tu: kioo kionyeshe gramu badala ya kilo. Nikafungua faili nikakuta makro mbili, moja juu ya nyingine:

#define KILO(a, b, c) (((a) - (b)) / (c) / 1000)
#define GRAMU(a, b, c) (((b) - (a)) / (c))

Chini kabisa ya faili, mahali makro ilipoitwa, nilifuta neno KILO nikaandika GRAMU. Vile vitu vitatu ndani ya mabano nikaviacha kama vilivyo. Kompaila haikunung'unika hata kidogo. Nikapakia programu, nikaiweka ndoo juu ya sahani, na kioo kikaandika 42939672. Hizo ni gramu. Yaani ndoo ya bibi ilikuwa na kahawa tani karibu 43.

Ilinichukua saa nzima kuona kilichotokea. Kwenye KILO, herufi a ni namba inayotoka kwenye kihisi mzigo ukiwa juu, na b ni namba ya sahani tupu. Kwenye GRAMU, mwandishi aligeuza: a ikawa sahani tupu, b ikawa mzigo. Kwangu kihisi kilikuwa kinatoa 9400000 chenye mzigo na 8400000 bila mzigo, na kila gramu ilikuwa sawa na hesabu 100. Makro ya pili ikatoa kubwa kutoka kwenye ndogo. Kwa kuwa namba zilihifadhiwa kama namba zisizo na alama ya hasi, za biti 32, tofauti ya milioni moja ilizunguka nyuma na kuwa 4293967296. Igawanye kwa 100, utapata zile tani 43 za kwenye kioo.

Simlaumu aliyeandika. Alijua vizuri a ni nini na b ni nini siku alipoandika. Nami nilipokuwa chuoni niliandika hivyohivyo, nikapewa vema kubwa, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba kosa hilo lisingezaliwa kama mistari ile miwili ingeandikwa hivi:

#define KILO(jumla, tupu, kwa_gramu) (((jumla) - (tupu)) / (kwa_gramu) / 1000)
#define GRAMU(jumla, tupu, kwa_gramu) (((jumla) - (tupu)) / (kwa_gramu))

Hesabu ni ileile. Lakini mwandishi akishaandika jumla na tupu, hawezi tena kugeuza mpangilio bila kujiona. Jicho lake mwenyewe litamshtaki: tupu kutoa jumla, inawezekanaje?

Walimu wangu, hapa ndipo lilipo neno ninalotaka kulisema. Parameta ya funksheni ina mashahidi wawili. Wa kwanza ni aina yake: kompaila inajua kwamba hapa panatakiwa namba kamili, pale panatakiwa pointa, na ukikosea inakukatalia au walau inakuonya. Wa pili ni jina lake, ambalo ni kwa ajili ya binadamu. Parameta ya makro haina aina. Hakuna anayeuliza mlangoni umeleta nini. Chochote utakachoweka ndani ya mabano kitachukuliwa kama maandishi na kupachikwa mahali pa jina lile. Shahidi wa kwanza hayupo. Amebaki mmoja, jina. Ukimwita shahidi huyo x, umemziba mdomo, na kesi yote imebaki bila ushahidi.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini iko hivyo. Dennis Ritchie alipoiunda C katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, lugha haikuwa na makro. Hatua ya maandalizi inayotangulia kompaila iliongezwa kama mwaka 1973, kwanza kwa kuingiza mafaili na kubadilisha neno kwa neno tu. Baadaye Mike Lesk na kisha John Reiser wakaipanua ipokee makro zenye parameta. Wakati ule ilihesabiwa kuwa kiambatisho, kitu cha hiari pembeni ya lugha. Mpaka leo hatua hiyo haijui aina, haijui muundo, haijui pointa. Inajua maneno. Na kwa kitu kinachojua maneno tu, jina ndilo kila kitu.

Mtaniambia: lakini kosa la ndoo lilionekana lenyewe. Kweli. Tani 43 kwenye ndoo haziwezi kumpita mtu. Ninaloliogopa zaidi ni kosa linalopita kimya, na hilo nimeliona kwa kijana anayejifunza kwangu. Nilimpa zoezi la daftari la wakulima: kila mkulima ana deni la pembejeo kwa shilingi, na ana kahawa iliyobaki ghalani kwa kilo. Muundo wake ulikuwa na sehemu inayoitwa deni na nyingine inayoitwa baki. Akaandika makro ambayo ukiitazama utasema ni nzuri kuliko zile za a na b:

#define WEKA_DENI(m, deni) ((m)->deni = (deni))

Jina deni linasomeka, linaeleweka, mabano yapo. Halafu mahali pengine akakokotoa deni lililobaki baada ya makato, akaliweka kwenye kibadilika alichokiita baki, kwa maana ya baki ya deni, akaita WEKA_DENI(&mkulima, baki).

Sasa fuateni kinachotokea. Hatua ya maandalizi inatafuta neno deni ndani ya mwili wa makro na kulibadilisha kila linapotokea. Linatokea mara mbili: mara moja ndani ya mabano, kama thamani, na mara moja baada ya mshale, kama jina la sehemu ya muundo. Haitofautishi. Yote mawili yanageuka baki. Kompaila inapokea hivi:

((&mkulima)->baki = (baki))

Na kwa kuwa muundo una sehemu inayoitwa baki, msimbo huu ni halali kabisa. Hakuna onyo. Deni la mkulima halikuguswa, ila shilingi 45000 zikaandikwa mahali pa kilo za kahawa ghalani. Kama kijana angekiita kibadilika chake mpya, kompaila ingekataa, kwa kuwa hakuna sehemu inayoitwa mpya, na angepona. Aliponzwa na jina zuri lililowekwa mahali pasipo pake. Nilimwonyesha amri ya gcc -E, ambayo hutoa msimbo baada ya makro zote kupanuliwa. Alipouona ule mstari alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe haisomi, inabadilisha tu." Nadhani hilo ni somo lote la makro kwa maneno manne, na ningependa kila mwanafunzi wa Tanzania alipate darasani kabla hajalipata kwenye daftari la mtu.

Dawa yake ni ndogo. Parameta ikiwa inakaa jirani na sehemu ya muundo, ipewe alama ya kuitofautisha. Mimi naweka kistari cha chini mwishoni:

#define WEKA_DENI(mkulima_, deni_) ((mkulima_)->deni = (deni_))

Kistari kimoja, na mlango umefungwa. Nakiweka mwishoni kwa sababu majina yanayoanza na vistari viwili vya chini, au na kistari kinachofuatwa na herufi kubwa, yamehifadhiwa na kanuni rasmi za lugha kwa ajili ya kompaila na maktaba zake. Mwanafunzi akijizoeza kuweka vistari mbele, siku moja atajikuta anagombania jina na mwenye nyumba.

Jambo hilohilo linahusu vibadilika vinavyozaliwa ndani ya makro. Makro ya kubadilishana thamani mbili huandikwa na kila mwanafunzi, na karibu kila mmoja anakiita kile chombo cha kati t. Siku mtu atakapoiita kwa kibadilika chake ambacho nacho kinaitwa t, t ya ndani itaifunika ya nje, na hakuna kitakachobadilishana. Mwongozo wa uandishi wa msimbo wa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, unawaonya waandishi wake kuhusu jambo hili hasa: jina la kawaida likitumika ndani ya makro litagongana na jina la kawaida la nje, basi lichaguliwe jina lisiloelekea kugongana. Unaonya pia juu ya makro inayotegemea kibadilika ambacho hakikupitishwa ndani ya mabano, bali kinadhaniwa kipo tu hapo nje. Watu wanaoandika moyo wa mfumo wa kompyuta wameona inafaa kuliandikia kanuni jambo hili. Sisi kwa nini tuliache liokotwe njiani?

Wapo wanaodhani kwamba kuchagua majina ni urembo. Mimi ni mtoto wa Buhaya, na huku hatujawahi kuliona jina kuwa urembo. Ukisikia jina linaloanza na Koku, Kokushubila au Kokugonza, unajua anayetajwa ni mwanamke hata kama hujamwona. Ukisikia Rwegasira au Rweyemamu, unajua ni mwanamume. Sehemu ya mwanzo inakupa aina, sehemu inayofuata inakupa habari. Anayelisikia jina tu, akiwa mbali, ameshajua jambo la kweli kuhusu mwenye nalo. Hicho ndicho ninachokitaka kwa parameta: niisikie tu, bila kuuona mwili wa makro, nijue ninayeambiwa nimlete ni nani.

Na Kiswahili chetu kinatupa somo la pili, la kuwa thabiti. Tunasema kitabu kile kikubwa kimeanguka. Ki imesafiri kutoka kwenye nomino hadi kwenye kitenzi, na mtoto akisema kitabu mkubwa, mtu yeyote aliye karibu anamrekebisha papo hapo. Walimu wa sarufi wanaliita jambo hilo upatanisho wa kisarufi, nasi tunalifanya bila kufikiri. Msimbo nao unahitaji upatanisho. Kama sahani tupu imeitwa tupu kwenye makro ya kwanza, iitwe tupu kwenye ya pili na ya kumi, na ikae nafasi ileile. Faili ambamo kitu kimoja kinaitwa b hapa, tare pale, na zero kule, ni sentensi isiyopatana. Itaeleweka kwa shida, na ipo siku itaeleweka vibaya.

Mifano ya kazi nzuri ipo, na mingine wanafunzi wenu wanaitumia kila wiki bila kuambiwa waitazame. Chukueni Arduino, ile bodi iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambayo leo iko kwenye miradi mingi ya wanafunzi. Ndani ya maktaba yake ya msingi kuna makro ya kubadilisha pembe kuwa radiani, na parameta yake inaitwa deg. Herufi tatu tu, lakini zimekuambia kila kitu: leta digrii. Ya kurudi nyuma, inayotoa digrii, parameta yake ni rad. Kuna ya kubana thamani kati ya mipaka miwili, constrain, na parameta zake ni amt, low na high, yaani kiasi, cha chini na cha juu. Ungeziita x, a, b, kila mtu angelazimika kufungua faili kujua mpaka wa chini unatangulia au unafuata. Tena kuna familia nzima ya kushika biti, bitRead, bitSet, bitClear na bitWrite, na zote zinaanza na value kisha bit, kwa mpangilio uleule. Ukijifunza moja umejifunza nne.

Mfano mwingine ni faili la queue.h la mifumo ya BSD, lenye makro za orodha za namna mbalimbali. Mle ndani orodha inaitwa head, kipengele kinaitwa elm, sehemu ya kuunganishia inaitwa field, na kibadilika cha kuzungukia kinaitwa var, iwe ni orodha ya njia moja, ya njia mbili au foleni. Aliyeisoma robo yake anaweza kuikisia iliyobaki. Na ndani ya Linux kuna makro maarufu ya container_of, yenye parameta ptr, type na member. Majina hayo matatu yanataja vitu vya namna tatu tofauti: pointa, aina, na jina la sehemu ya muundo. Hakuna funksheni ya C inayoweza kupokea aina au jina la sehemu. Makro inaweza, na hapo jina la parameta ndilo njia pekee ya kumwambia mtumiaji kwamba hapa usilete thamani, lete aina.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu nimeyasikia kwa wenzangu.

Wa kwanza atasema: dawa ya makro ni kutoandika makro. Tangu kanuni za mwaka 1999 C ina funksheni za inline, nazo zina aina. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Zile KILO na GRAMU zangu leo ni funksheni. Mwongozo wa MISRA, unaotumika kwenye magari na vifaa ambavyo vikikosea vinaua, unashauri hivyohivyo: panapofaa funksheni, tumia funksheni. Lakini container_of haiwezi kuwa funksheni. Na msimbo tunaourithi umejaa makro, na mwanafunzi wenu akitoka chuoni atasoma wa watu wengine kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kuandika wake. Kumwambia asiziandike hakumfundishi kuzisoma.

Wa pili atasema: herufi moja inatosha, tusirefushe mambo. Inatosha pale ambapo vitu havina tofauti. Kwenye MIN(a, b) herufi hizo ni za haki kabisa, kwa kuwa hata ukizigeuza jibu ni lilelile. Kumwita mmoja kwanza na mwingine pili kungekuwa kudanganya kwamba kuna wa kwanza. Kwenye makro ya kubadilishana, vilevile. Lakini mara tu nafasi inapokuwa na maana, herufi tupu zinaficha maana hiyo. Siwaombi majina marefu. Deg ni fupi. Naomba majina yanayosema.

Wa tatu atauliza: yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza? Jibu langu ni kwamba mradi mmoja uwe na lugha moja. Mradi utakaosomwa na watu wa nchi nyingi, Kiingereza kina nafasi yake. Daftari la wakulima wa Muleba na Bukoba, litakalotunzwa na vijana wa hapahapa, sioni sababu ya kuliandika kwa maneno ambayo mwandishi mwenyewe anayakisia. Nimeona parameta iliyoitwa amount ikibeba uzito mahali pamoja na fedha mahali pengine, kwa sababu aliyeandika hakuwa na hakika na neno. Angeandika kilo na shilingi asingekosea. Na Kiswahili kinakaa vizuri ndani ya C: hakina alama juu ya herufi, na kompaila yoyote inakipokea. Penye mtego ni mahali pamoja tu, ile ng' ya ng'ombe na ng'ambo, kwa sababu kialama hicho C inakisoma kama mwanzo wa herufi iliyofungwa. Andikeni ngombe, na mkubaliane hivyo mwanzoni.

Basi ombi langu, kwa vitendo, ni hili.

Kwanza, somo la makro lianze na amri ya gcc -E. Kabla mwanafunzi hajaandika makro yake ya pili, aione ya kwanza imepanuliwa, kwa macho yake.

Pili, mfundishe kanuni chache zinazotosha kwenye nusu karatasi. Makro kwa herufi kubwa, parameta kwa herufi ndogo. Jina liseme kitu na, panapowezekana, kipimo chake: kilo, gramu, digrii, sekunde. Kitu kimoja, jina moja, nafasi moja, faili zima. Parameta inayokaribia sehemu ya muundo, na kibadilika kinachozaliwa ndani ya makro, viwe na alama yake. Parameta inayodai aina au jina la sehemu ijitaje hivyo. Na pale funksheni inapotosha, iandikwe funksheni.

Tatu, na hili ndilo ninaloliombea zaidi, majina yapewe alama. Wanafunzi husoma kinachoulizwa. Kati ya alama 10 za swali la makro, mbili zikiwa za majina, ndani ya muhula mmoja mtaona tofauti. Kuna njia rahisi ya kuzitoa bila ubishi. Funikeni mwili wa makro kwa kiganja, mwacheni mwanafunzi wa jirani asome mstari wa kwanza tu, jina na mabano, kisha aiite kwa usahihi. Akiweza, alama zote. Akiuliza hii ya pili ni nini, alama hakuna. Kiganja hicho hakina upendeleo, na ndivyo hali ilivyo kazini: vihariri vingi vya msimbo vinakuonyesha mstari huo tu unapoandika, na mtu mwenye haraka hasomi zaidi.

Nchi yetu mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Leo kijana wa Rwamishenye anaandika programu ya mizani kwa simu ya mkopo na kompyuta ya mtumba. Tumefika hapa kwa haraka, na msimbo tunaouandika sasa ndio watakaourithi wadogo zetu. Wengi wao hawatatujua, wala hawatakuwa na namba zetu za simu za kutuuliza a ilikuwa nini. Watakuwa na majina tuliyoyaacha.

Asubuhi ya siku iliyofuata ule usiku wa senene, nilimrudishia bibi ndoo yake. Alikuwa ameketi kibarazani akichambua maganda. Hakuniuliza habari za makro, wala hana haja nazo. Aliuliza, "Mwanangu, mizani yako imesema ngapi?" Nikamwambia imesema kilo 10. Akaitikia kwa kichwa, akaichukua ndoo, akaendelea na kazi yake. Hana njia ya kuukagua mstari ule. Ananiamini mimi, nami namwamini aliyeuandika kabla yangu, naye aliwaamini ninyi. Naomba tuifunge minyororo hiyo ya imani vizuri, kwa majina.



Fundi wa programu,
Rwamishenye, Bukoba